Shule ya Awali ya Perry, Ypsilanti, 1962–1967

Ypsilanti ni mji mdogo wa Jimbo la Michigan, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa na wakazi elfu ishirini hivi, na watoto wengi wa familia maskini za Wamarekani Weusi walisoma Shule ya Msingi ya Perry, chini ya mwalimu mkuu Eugene Beatty. Wengi mno walikuwa wakikariri madarasa. David Weikart, msimamizi wa huduma maalumu katika shule za umma za mji huo, aliwaonyesha wakuu wa shule takwimu, lakini hakupata mwitikio aliotaka. Akaamua kuwawahi watoto wakiwa na miaka 3 na 4, katika shule ya awali ya Perry, kabla shule ya msingi haijawapokea.

Wapo wataalamu waliomwonya kwamba watoto wa umri huo hawajakomaa, huenda masomo yakawadhuru. Onyo hilo ndilo lililozaa utafiti ulioipa Perry umaarufu. Ili ukweli ujulikane, watoto 123 waligawanywa kwa bahati nasibu: 58 wakaingia darasani, 65 wakakosa nafasi, na makundi yote mawili yakafuatiliwa hadi utu uzima. Kwa wazazi wa wale 65, sayansi hiyo haikuwa na faraja yoyote.

Darasa lilikuwa la asubuhi, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akasimulia alichofanya. Kila wiki mwalimu alimtembelea mtoto nyumbani, akakaa naye na mama yake kwa saa moja na nusu. Walimu walikuwa wanne, wote wenye vyeti. Miongoni mwao alikuwa Evelyn Moore, ambaye baadaye alikuwa mwanaharakati maarufu wa haki za watoto Weusi.

Alama za vipimo vya akili zilipanda upesi, kisha tofauti ikafifia watoto wakiwa shule ya msingi. Walioishia hapo kuhukumu walifanya haraka. Watoto hao walipofika miaka 40, asilimia 77 ya waliosoma Perry walikuwa wamemaliza sekondari, dhidi ya asilimia 60 ya wenzao. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, dhidi ya 55.

Matokeo hayo hutajwa kila serikali zinapotaka kupanua uandikishaji wa shule za awali. Lakini Perry ilikuwa na watoto 20 hadi 25 tu darasani kila mwaka, mwalimu mmoja kwa watoto watano au sita. Anayewapanga sitini mbele ya mwalimu mmoja asiitaje Perry.