Depo kubwa na kambi ndogo: namna chakula cha msaada kinafika kwetu

Siku ya kugawa chakula, iwe Kivu ao Ituri, watu wanatazama vitu viwili: kamio na mizani. Kamio ikichelewa, wanamuuliza prezida wa komite. Mizani ikionyesha kilo kidogo, wanamuuliza tena yeye. Kumbe mara nyingi jibu haliko pale. Liko nyuma, kwenye depo kubwa, mahali chakula kilipita ao kilikwama.

Huku kwetu hatuna sana zile stoo za Ulaya zenye wanaita banki ya chakula. Lakini kazi ni ile ile: stoo ya parokia, kambi ya deplase, kituo cha afya chenye kinapokea watoto wenye utapiamlo, shule yenye inapikia wanafunzi. Nafasi hizo hazina pesa za kununua chakula kwa wingi, wala mahali pa kukilinda na panya na mvua. Zinategemea depo. Mashariki mwa Kongo, mwenye depo kubwa mara nyingi ni PAM, Shirika la Chakula Duniani la Umoja wa Mataifa. PAM inaleta na kuhifadhi. Kugawa kwenyewe mara nyingi kunafanywa na washirika kama Caritas ao World Vision, pamoja na komite ya wakaaji.

Sehemu ya chakula inatoka ngambo. Kinashuka bandari ya Mombasa, kinavuka Uganda, kisha kinaingia Kasindi kwa ajili ya Beni na Butembo, ao Mahagi kwa ajili ya Ituri. Cha Goma kinaweza kupitia Rwanda ao Bunagana, lakini tangu M23 waliteka Bunagana mwezi wa 6 mwaka 2022, njia hiyo haikuwa tena ya kutegemea. Upande wa kusini kuko njia ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, halafu mashua juu ya ziwa Tanganyika mpaka Kalemie ao Uvira. Sehemu ingine ni mahindi na maharagi ya wakulima wetu wenyewe, wakati usalama unaruhusu kuvuna.

Sasa depo inafanya nini zaidi ya kufunga mlango? Kwanza inapunguza mzigo. Remorke ya Mombasa inaweza kubeba karibu tani 30, lakini wakati wa mvua hauwezi kuipeleka Walikale ao Masisi. Mifuko inashushwa, inahesabiwa, inapangwa juu ya paleti, mbali na ukuta kusudi hewa ipite, na kupigwa dawa ya wadudu. Kisha inapakiwa upya katika makamio ya kiasi. Kila kamio inatoka na bordero, karatasi yenye inaandika mifuko mingapi imetoka na mingapi imefika.

Kazi ya pili watu wengi hawaioni. Chakula hakifiki vyote siku moja. Mafuta yanaweza kufika mwezi huu, bunga mwezi ujao, maharagi yangali mpakani. Depo inangojea, inaunganisha, halafu inatuma vyote pamoja, juu ya mama hawezi kulisha watoto mafuta peke yake. Ndiyo maana unaweza kusikia depo imejaa na kambi yako haijapata kitu. Saa ingine ni uzembe, hatukatai. Saa ingine ni kitu kimoja tu chenye kingali kinangojewa.

Tupige hesabu. Kipimo cha kawaida kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za bunga, 60 za maharagi, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Mahali pengine wanaongeza sukari na bunga la uji, kusudi mtu afikie kalori 2,100. Kwa siku 30, mtu anapashwa kupata kilo 12 za bunga. Familia ya watu 5 inapata kilo 60, ni kusema mfuko wa kilo 50 na kilo 10 juu yake. Zile kilo 10 ndizo zinaleta kelele, kwa sababu inapashwa kufungua mfuko mwingine na kugawana na jirani kwa kikombe. Na wakikupa mahindi ya nafaka, mashine ya kusaga utalipa mwenyewe, basi lazima uuze kidogo. Mwenye kuuza kopo la mafuta sokoni si lazima awe mwizi.

Pesa za wafadhili zikipungua, kipimo kinakatwa: nusu kwa wote, ao kamili kwa wachache. Uamuzi huo hautoki kwa prezida wa komite. Kwa maoni yetu, kosa kubwa ni kutowaambia watu mapema. Mama mwenye anajua atapata kilo 30 badala ya 60 anaweza kutafuta shamba la kulima kwa siku. Mwenye anagundua mbele ya mizani hana la kufanya.

Mwaka 2025 ulionyesha depo ikianguka inakuwa namna gani. Goma ilitekwa mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili, na depo za misaada zikaporwa. Kwa Bukavu peke yake PAM ilitangaza karibu tani 7,000 zimeenda. Kwa kipimo cha pale juu, hicho ni chakula cha mwezi mzima cha watu zaidi ya 400,000. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Banki pia zilifunga, basi hata kugawa pesa badala ya chakula kukawa kugumu. Kambi za kandokando ya Goma zikabomolewa, watu wakarudi vijijini, mahali kamio inafika kwa shida zaidi.

Barabara zenyewe zinaua. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2021, msafara wa PAM ulishambuliwa karibu na Kibumba ukielekea Rutshuru kuona mradi wa chakula shuleni. Balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo walikufa.

Basi siku kamio ikifika kwenu, ombeni komite isome bordero mbele ya watu wote: mifuko mingapi ilitoka depo, mingapi imeshushwa, kipimo cha mwezi huu ni kiasi gani. Hesabu ikikataa, mwambieni mshirika mwenye kugawa pale pale, ao pigeni ile namba ya malalamiko yenye inabandikwa mahali pa kugawia. Mifuko yenye inabaki jioni inapashwa nayo kuandikwa, na kurudi depo na karatasi yake.