KOCHA EDDIE ROBINSON: MIAKA 56, CHUO KIMOJA, USHINDI 408 NA MWISHO ULIOUMA

Kuna makocha wanaohama timu kama watu wanavyobadilisha laini za simu. Mzee Eddie Robinson hakuwa wa aina hiyo. Huyu bwana aliajiriwa mwaka 1941 akaja kuachia kiti mwaka 1997, na muda wote huo alikuwa chuo kilekile, kijiji kilekile, na mke yuleyule. Alikuwa anajivunia sana hilo la kazi moja na mke mmoja.

Mchezo wenyewe siyo soka hili la Simba na Yanga. Ni futiboli ya Marekani, ule wa mpira wenye umbo kama yai, helmeti kichwani na pedi mabegani.

MTOTO WA KIBARUA

Robinson alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa analima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, mama alikuwa anafanya kazi za ndani. Familia ikahamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo, na huko ndiko alikokulia.

Enzi hizo ubaguzi ulikuwa ni sheria kabisa. Weusi shule zao, weupe zao. Hapo hapo Baton Rouge kuna LSU, chuo kikuu cha jimbo chenye timu kubwa ya futiboli, lakini kijana mweusi kama Robinson hakuwa na nafasi ya kuichezea. Ukumbuke huo mji, maana utarudi mwishoni.

Akaenda kusoma Leland, chuo kidogo cha weusi, akicheza kama kwotabeki, yaani yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi. Akamaliza masomo yake vizuri, lakini kazi ya ukocha hakuna. Akajikuta kwenye kinu cha kusaga chakula cha mifugo kwa senti 25 kwa saa. Msomi na vumbi la pumba kichwani.

GRAMBLING

Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, akasikia kuna chuo kidogo cha weusi kaskazini mwa Louisiana kinatafuta kocha. Chuo chenyewe ndicho kilichokuja kuitwa Grambling. Akaomba, akapata, mshahara dola 63.75 kwa mwezi. Mwaka huohuo akamuoa Doris, na wakaishi pamoja mpaka kifo.

Usidhani alikuta uwanja wa maana na wasaidizi kibao. Kocha alikuwa yeye, wa kufyeka nyasi za uwanja yeye, wa kufunga bandeji miguu ya wachezaji yeye, na habari za mechi za kupeleka magazetini aliandika yeye. Safarini timu ilibeba mikate yake, kwa sababu migahawa mingi ya njiani haikuwahudumia watu weusi.

Msimu wa kwanza akashinda mechi 3 akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, akashinda zote 9, na katika hizo zote wapinzani hawakupata hata pointi moja. Sifuri! Halafu vita ya dunia ikasimamisha timu ya chuo kwa misimu miwili, yeye akaenda kufundisha vijana wa sekondari palepale Grambling.

Kuna kisa kimoja kinasimuliwa sana. Mzazi mmoja aliwatoa wanawe kwenye timu kwa sababu pamba ilikuwa imeiva na hakuna wa kuichuma. Robinson hakubishana na mzee wa watu. Alichukua timu nzima wakaingia shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha, vijana wakarudi uwanjani. Ndivyo alivyokuwa. Asubuhi alikuwa anapita mabwenini na kengele mkononi kuwaamsha wachezaji waende darasani, maana kwake mchezaji asiye na shahada alikuwa kazi isiyokamilika.

MLANGO UNAFUNGULIWA

Mwaka 1949 kijana wake Tank Younger akachukuliwa na Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka vyuo vya weusi kucheza ligi kuu ya NFL. Kabla hajaondoka, Robinson alimweleza ukweli: akishindwa yeye, watasema wamejaribu mchezaji bora wa vyuo vya weusi na ameshindwa, na mlango utafungwa. Mzigo gani huo kwa kijana! Younger hakushindwa. Alicheza misimu 10 na mwaka 1951 akatwaa ubingwa na Rams.

Baada ya hapo ikawa kama bomba limefunguliwa. Willie Davis, Buck Buchanan, Willie Brown, Charlie Joiner, wote hawa ni watoto wa Robinson na wote majina yao yako kwenye jumba la heshima la futiboli. Zaidi ya wachezaji 200 walitoka mikononi mwake kwenda kulipwa. Mwaka 1968 Grambling walicheza Yankee Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya elfu 60, na mwaka 1976 wakafika mpaka Tokyo.

Tarehe 31 Januari 1988 ndiyo ilikuwa kilele. Doug Williams, kwotabeki aliyefundwa na Robinson, aliingia kwenye fainali ya Super Bowl na timu ya Washington. Watu walikuwa wanasema mweusi hana akili ya kucheza nafasi ile. Katika robo ya pili peke yake Williams alirusha pasi 4 za mabao. Wakaichapa Denver 42-10, na yeye akawa kwotabeki wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl.

MAFANIKIO YALIYOMGEUKA

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyuo vikubwa vya weupe vya kusini, LSU ikiwemo, vikaanza kuwachukua wachezaji weusi. Ndicho kitu ambacho watu kama Robinson walikipigania. Lakini vipaji vilivyokuwa vinakuja Grambling kwa sababu havina pengine pa kwenda, sasa vikawa na kwingine, kwenye viwanja vikubwa na pesa nyingi. Mlango aliousukuma ukafunguka, na watoto wake wakaanza kutokea hapo hapo.

Bado mzee alikomaa. Oktoba 1985, mjini Dallas, alipata ushindi wa 324 na kuipita rekodi ya Bear Bryant, kocha mweupe maarufu wa Alabama. Mwaka 1995 akawa kocha wa kwanza wa futiboli ya vyuo kufikisha ushindi 400.

Ila miaka ilikuwa imeenda. Msimu wa 1996 alishinda mechi 3 akapoteza 8, na chuoni wakataka aondoke. Mtu aliyekifanya kijiji kile kijulikane mpaka Japani anaambiwa funga mizigo! Kelele zikapigwa, mpaka gavana wa jimbo akaingilia, akapewa msimu mmoja wa kuagia. Nao ukaisha vilevile, 3 kwa 8. Akaondoka na ushindi 408, vipigo 165 na sare 15. Aliyemrithi? Doug Williams.

Kitu kimoja Marekani haikumpa: timu ya NFL. NFL ya kisasa haikuwa na kocha mkuu mweusi mpaka 1989, wakati huo Robinson ana miaka 70.

KURUDI BATON ROUGE

Uzeeni alipata maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007, akiwa na miaka 88. Rekodi yake ya ushindi wengine wameshaipita. Lakini kabla ya mazishi mwili wake ulilazwa kwenye jengo la serikali ya jimbo, Baton Rouge, watu wakapanga foleni kumuaga. Mji uleule uliomwacha akapigwe na vumbi la kinu kwa senti 25.

Je, chuo kilikosea kumtaka mzee aondoke, au na yeye alichelewa kujua muda umefika? Wadau, mnaonaje?