Mahakama ya Kadhi na Utawala Uliovuka Mipaka

Wasomi wengi wa elimu ya jamii hudhani utawala unaovuka mipaka ya nchi ni jambo jipya. Mwambao wa Kenya unashuhudia vingine. Kwa mkataba wa 1895, Waingereza waliendesha ukanda wa maili 10 uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Bendera yake ikabaki Mombasa, na Makadhi wakaendelea kuhukumu. Oktoba 1963, Muhammad Shamte na Jomo Kenyatta walipokubaliana ukanda huo uwe wa Kenya, mahakama za Kadhi zilihifadhiwa. Januari 1964 Sultani alipinduliwa. Ahadi haikuanguka naye. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inaziachia ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaoridhia.

Basi ndugu msomaji, mjane anayedai thumni yake mbele ya Kadhi wa Lamu anasimama juu ya mapatano ya serikali mbili. Anayeitazama Kenya peke yake hataiona asili ya haki hiyo.