Sabuni hupigwa chapa

Picha au alama inayogongwa kwenye mche wa sabuni tuiite chapa, si muhuri. Muhuri huthibitisha kwa niaba ya mamlaka. Chapa hutambulisha, na hata hupamba. Huko Nablus, Palestina, sabuni ya mafuta ya zeituni humwagwa sakafuni, ikaganda, ikakatwa vipande na kugongwa alama ya kiwanda, ili mnunuzi amjue mtengenezaji. Pengine utauliza: je, “72%” kwenye sabuni ya Marseille, inayotaja kiasi cha mafuta, si uthibitisho? La, hilo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Wengine watasema kifaa cha mpira kinachochora ua juu ya sabuni ni muhuri uleule wa karani. Kweli, lakini kazi, si kifaa, ndiyo huipa alama jina. Basi tuandike: sabuni hupigwa chapa kwa muhuri.