Begi la Uzazi Kitai: Kanga Imeona Mengi

Mjini siku hizi mtoto hajazaliwa, lakini begi lake lishapigwa picha na kupostiwa Instagram. Maputo, keki, kitoroli cha kusukuma, chupa za kila rangi, viatu vya mtu ambaye hatembei mpaka mwakani. Poa tu, kila mtu na mfuko wake. Ila ukitaka kujua kipi ndani ya begi hilo ni cha lazima na kipi ni mbwembwe, waache mastaa kidogo, uende Kitai.

Kitai ni njia panda ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Ukitokea Songea, barabara moja inaendelea Mbinga mjini, milimani kwa Wamatengo, kwenye kahawa na baridi ya Juni inayopenya mpaka mifupani. Nyingine inashuka Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye joto na mbu kibao. Mama wa juu na mama wa chini hawafungi begi linalofanana. Na bibi zao walifunga tofauti kabisa.

Nguo iliyokuwa pesa

Zamani sehemu nyingi za bara mtoto alifunikwa kwa ngozi laini au nguo ya magome ya miti. Kisha ikaja merikani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani, nchi iliyosaini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833. Kitambaa hicho kilisafiri na misafara kutoka Kilwa mpaka Ziwa Nyasa, na huko kilitumika kama pesa. Kilinunua pembe za ndovu. Kilinunua na watu. Yaani nguo ya kumfunika mtoto wa huyu ingeweza kuwa bei ya mtoto wa yule.

Kanga ilifuata pwani mwishoni mwa miaka ya 1800, ikapanda bara taratibu. Inauzwa doti, vipande viwili, na wazazi walielewa kazi yake haraka: kimoja cha mama, kimoja cha mtoto. Ni nguo, shuka, taulo, mbeleko na pazia. Mpaka leo hakuna kitu kwenye begi la uzazi kilichoweza kuipiku.

Wembe mpya

Familia nyingi zilikataza kumnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa. Ni kisirani, wazee walisema. Usicheke. Enzi ambazo watoto wengi walifariki wiki ya kwanza, nguo mpya iliyokunjwa bila mwenyewe ilikuwa maumivu juu ya maumivu.

Na muuaji mmoja alipitia kitovuni. Mkunga wa jadi alikata kwa kilichokuwepo, kisu au wembe uliokwishatumika, na sehemu mbalimbali nchini kidonda kikapakwa majivu au kinyesi cha mifugo. Pepopunda ikaingia. Mtoto anakaza taya, hanyonyi, mwili unakuwa kama ubao, halafu basi. Kilichobadilisha mambo ni vitu vya bei chee: chanjo kwa mama, mikono safi, wembe mpya na uzi safi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Wembe haupendezi kwenye picha, lakini umeokoa watoto wengi kuliko kitoroli chochote.

Miaka ya foleni

Waulize waliozaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera. Pesa unaweza kuwa nayo, dukani hakuna kitu. Sabuni foleni, sukari foleni, kitenge kwa kujuana. Shuka kuukuu zilichanwa zikawa nepi, na nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Ulipofika 1984 biashara ilianza kulegezwa, 1985 akaingia Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, na mitumba ikamiminika. Kwa mama wa milimani, sweta la mtumba la mtoto lilikuwa ukombozi.

Huku chini ziwani ishu ilikuwa mbu. Kuanzia 2004 mjamzito aliyeenda kliniki alipewa Hati Punguzo, karatasi ya kumpunguzia bei ya chandarua dukani. Ghafla chandarua kikawa sehemu ya maandalizi ya mtoto, sawa na kanga.

Begi la leo

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano ni bure. Hata hivyo wajawazito wengi bado wanajua orodha kwa kichwa: glavu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga. Pampasi zimefika mpaka maduka ya njia panda, na zinakula hela. Kuna familia zinanunua pakiti mbili, halafu siku ya uchungu wanahangaika kukopa nauli ya bodaboda usiku.

Kwa hiyo ukiwa na hela kidogo, anza hivi:

- Nauli ya dharura na mtu wa kukupeleka. Hii kwanza.
- Kadi ya kliniki na vifaa ulivyoambiwa na nesi.
- Kanga safi, hata kuukuu, zilizofuliwa na kuanikwa juani.
- Milimani: kofia, soksi na blanketi. Ziwani: chandarua.
- Pampasi na mengine, kama kuna chenji.

Na kama mtoto amekuja mdogo kabla ya wakati, kuna joto lisilouzwa dukani: kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya mashine za kupasha watoto joto kuwa chache. Leo hospitali za Tanzania zinaita kangaroo. Unamweka kifuani, unamfunga vizuri, na cha kumfungia mara nyingi ni kanga ile ile.

Haya wadau, nyumbani kwenu mtoto alipokelewa na nini? Muulize bibi kabla hujajibu.