Umepewa Samansi ya Korti ya Minjila? Hizi Ndizo Siku Zako za Kujibu

Wasee wengi wa Garsen, Tarasaa na Kipini wakiletewa samansi ya deni, ajali ya nduthi ama shamba, huiweka kando wakingoja kuitwa Minjila, kwenye Mahakama ya Garsen, wajieleze mbele ya hakimu. Hapo ndipo watu huumia. Kesi ya madai hujibiwa kwanza kwa maandishi, na siku zinaanza kuhesabiwa ukishapokea karatasi.

Hatua ya kwanza: sema uko
Soma samansi uone umepewa siku ngapi. Sheria inasema zisipungue 10. Nyingi huandikwa 15. Ndani ya muda huo unapeleka fomu fupi ya kuiambia korti kwamba umepata kesi na utaijibu. Si lazima uwe na wakili, unaweza kuijaza mwenyewe.

Hatua ya pili: utetezi
Ukishapeleka hiyo fomu, una siku 14 za kuleta utetezi wako. Ukishauweka kortini, una siku 14 zingine za kumpa mlalamishi nakala. Yeye naye ana siku 14 za kukujibu, kama anataka.

Hesabu iko hivi
Siku uliyopewa karatasi haihesabiwi. Ukipewa Machi 2 na samansi inasema siku 15, mwisho wako ni Machi 17. Ukipeleka fomu Machi 12, utetezi uwe umefika kortini kufikia Machi 26. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili ama sikukuu, inasonga hadi siku ya kazi inayofuata. Na kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13 saa inasimama, isipokuwa jaji aamue vingine.

Ombi katikati ya kesi
Mwenzako anaweza kuomba amri, kwa mfano usiuze shamba mpaka kesi iishe. Ukipinga, andika hati ya kiapo ama sababu zako za kisheria, na zimfikie siku tatu kamili kabla ya ombi kusikizwa. Likisikizwa Ijumaa, azipate kufikia Jumatatu. Jaji akitoa siku zake, fuata za jaji.

Ukinyamaza je?
Mlalamishi anaomba hukumu bila wewe. Kama ni deni la pesa inayojulikana, imeisha hivyo. Kama ni fidia ya ajali, korti inabaki kupima tu ulipe ngapi. Baadaye dalali anakuja kuorodhesha mali yako, na unapata siku 7 za kulipa kabla nduthi ama friji ibebwe.

Umechelewa? Usihepe
Korti ina nguvu ya kukuongezea muda, hata kama umeshapita. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Sababu kama hiyo inaeleweka, ukiieleza kwa kiapo. Hukumu ikishatoka unaweza kuomba ifutwe. Korti itataka kujua kwa nini ulichelewa na kama una utetezi wa maana. Na kama hukuwahi kupewa samansi kabisa, hiyo hukumu haina miguu.

Umeshindwa kwa hakimu? Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 30.

Wewe ndiye unashtaki?
Ajali ya barabarani ina miaka 3, mkataba 6, shamba 12. Ukiishtaki serikali kwa ajali, una miezi 12 pekee.

Tangu 2024 korti zote nchini zinapokea karatasi kwa mtandao, kwa hivyo mtu wa Kipini anaweza kuwasilisha kwa simu. Andika tarehe uliyopewa samansi juu yake siku hiyo hiyo, na anza kuhesabu kesho yake.