Nairobi flai: mtoto ameungua au ana aleji?

Leo tunazungumza juu ya ngozi inayoharibika kwa sababu ya kitu kilichoigusa. Tutafuata historia kidogo, maana mji wetu wenyewe umo ndani yake.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikakuta ardhi ya majimaji ambayo Wamaasai waliita mahali pa maji baridi. Ardhi ya namna hiyo humfaa mdudu mmoja mwembamba, mwekundu na mweusi, asiyefika urefu wa kucha ya kidole chako. Wageni walimwita nzi wa Nairobi, nasi tunamwita Nairobi flai. Jina hilo lilikosewa tangu mwanzo. Huyu si nzi, ni mbawakawa wa jamii ya Paederus. Tena haumi wala hana mwiba. Sumu yake imo katika maji ya mwili wake, na hutoka pale anapopondwa.

Wenye umri wanakumbuka mvua za El Nino za mwisho wa 1997 hadi mwanzo wa 1998. Wadudu hawa walizagaa Nairobi, watu wakaamka na michirizi mekundu shingoni na macho yamefura. Walirudi kwa wingi baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2019. Mwaka 2022 wanafunzi wa chuo kimoja huko Sikkim, India, waliunguzwa na mdudu wa jamii hiyohiyo, na magazeti ya huko yakamwita kwa jina la mji wetu!

Sisi tulio Spring Valley tuna sababu ya kumjua vizuri. Tuna mabonde, nyasi zenye unyevu, ua za miti, na taa za ulinzi zinazowaka usiku kucha. Mdudu huyu hupenda unyevu mchana, na usiku hufuata mwanga. Taa ya chumba cha mtoto ikiwaka na dirisha likiwa wazi, ataingia na kutembea hadi kitandani. Mtoto akihisi kitu kinatambaa shingoni, atakipiga kofi. Hapo ndipo sumu inapomwagika.

Watafiti wa Italia waliitenga sumu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuiita pederini. Ili kupata ya kutosha kuichunguza, wadudu walikusanywa kwa mamilioni. Halafu mwaka 2002 mtafiti Jörn Piel wa Ujerumani alionyesha kwamba chembe za urithi zinazoitengeneza ni za bakteria wanaoishi ndani ya mdudu. Pederini huzuia seli za ngozi kutengeneza protini, na seli hizo hufa.

Kwa hiyo, mama, hii si aleji. Ni kuungua. Yeyote atakayepakwa sumu ya kutosha ataungua, hata kama hajawahi kumwona mdudu huyu maishani mwake.

Aleji, au mzio, ni jambo lingine kabisa. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. Miaka 11 kabla yake, mwaka 1895, daktari Josef Jadassohn alikuwa ameeleza namna ya kubandika kitu kinachoshukiwa juu ya ngozi ya mgonjwa na kungoja. Kipimo hicho cha kubandika kingali kinatumiwa na madaktari wa ngozi. Mwaka 1942 Karl Landsteiner na Merrill Chase, wakiwa New York, walichukua seli kutoka kwa mnyama mwenye mzio wakampa mwenzake, naye akaupata. Ikajulikana kwamba katika mzio wa ngozi, ni seli za kinga za mwili zenyewe zinazokumbuka kitu na kukishambulia.

Kumbukumbu hiyo huhitaji kwanza mwili ukutane na kitu. Ndiyo maana msichana anaweza kuvaa hereni za nikeli kwa miezi bila shida, kisha siku moja masikio yakaanza kuwasha na kutoa maji. Tangu hapo, hata kifungo cha suruali ya jinzi kitamwasha chini ya kitovu. Rangi ya nywele inayochanganywa katika hina nyeusi hufanya vivyo hivyo, na mzio wake unaweza kudumu maisha yote. Mimi singeipaka mkono wa mtoto, hata siku ya harusi.

Sasa utatofautishaje? Usitegemee saa peke yake. Wengi hudhani aleji ni lazima itokee papo hapo, lakini mzio wa kugusa huchukua siku moja hadi tatu, na Nairobi flai pia huonekana siku inayofuata. Tazama umbo na uulize mtoto anahisi nini. Kuungua huchoma na kuuma zaidi ya kuwasha, na mipaka yake ni wazi, mara nyingi mstari. Kwenye kiwiko huweza kuacha alama mbili zinazofanana, pale ngozi ilipokunjwa. Mzio huwasha sana, kingo zake hufifia, unaweza kuenea kupita palipoguswa, na hurudi kila kitu kile kinaporudi. Upele wa nepi, kwa kawaida, ni wa kuunguzwa na mkojo na choo. Hata daktari huweza kushindwa kwa macho tu, ndipo kipimo cha Jadassohn husaidia.

Jambo hili lina uzito nyumbani. Mstari mwekundu wenye malengelenge mgongoni mwa mtoto hufanana na maji ya moto au fimbo. Kabla hujamfukuza yaya, kumbuka mvua ilinyesha lini na taa ilikuwa wapi. Wengine hudhani ni mkanda wa jeshi, wakaanza kunong'ona juu ya mama wa watu.

Ukimwona mdudu juu ya mtoto, mpulize au mwache apande kwenye karatasi. Akishapondwa, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, na unawe mikono kabla mtu hajagusa macho. Dawa ya meno usipake. Kitambaa chenye maji baridi hutuliza. Mara nyingi ngozi hupona katika wiki moja hadi tatu. Jicho likiathirika, kidonda kikitoa usaha au mtoto akipata homa, nenda kliniki siku hiyohiyo. Shuka alizolalia nazo zifuliwe, kwa sababu sumu hubaki kwenye kitambaa.